Kanuni ya Kuanzia Ngazi ya Chini na Ukomo wa Miezi Miwili katika Mahakama ya Afrika Mashariki, 1999–2015: Mtazamo kutoka Bulyaga, Rungwe

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unaitaja katika Ibara ya 7(1)(d) kanuni ya kuanzia ngazi ya chini, yaani jambo lishughulikiwe kwanza na chombo kilicho karibu na wananchi. Kanuni hiyo iliwekwa miongoni mwa misingi ya uendeshaji wa Jumuiya. Mkataba haukueleza ni lini Mahakama ya Afrika Mashariki iziachie mahakama za nchi nafasi ya kwanza.

Pengo hilo lilizibwa kwa hasira. Novemba 2006, katika shauri la Anyang' Nyong'o, Mahakama ilizuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi walipitisha marekebisho ya Mkataba: Mahakama ikagawanywa divisheni mbili, mambo yaliyotengewa taasisi za nchi wanachama yakaondolewa mikononi mwake, na mlalamikaji akapewa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Mwaka 2008 Mahakama ilikiri kwamba kutowashirikisha wananchi katika marekebisho hayo kulikwenda kinyume cha Mkataba, lakini haikuyabatilisha.

Katika shauri la Rugumba la mwaka 2011, Divisheni ya Awali ilishikilia kwamba mlalamikaji halazimiki kumaliza kwanza nafuu za mahakama za nchini mwake. Wengi waliuona huo kuwa ukarimu. Machi 2012, katika rufaa iliyohusu mateso ya Mlima Elgon, Divisheni ya Rufaa ilikataa hoja kwamba ukiukaji unaoendelea husogeza ukomo. Maamuzi hayo mawili yakisomwa pamoja, ruhusa ya kutoanzia nyumbani inageuka kuwa sharti.

Mfano ni mkazi wa Bulyaga, mjini Tukuyu, anayedai kwamba Serikali imetwaa kiwanja chake bila kufuata utaratibu. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali (Sura ya 5) inamtaka atoe notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo zinapotimia, mlango wa Arusha umekwisha kufungwa takribani mwezi mzima. Aliyeiheshimu ngazi ya chini ndiye anayepoteza ya juu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha pia, huhesabu muda baada ya nafuu za ndani kumalizika. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuifikia moja kwa moja.

Njia iliyosalia ni Ibara ya 34, inayoiwezesha mahakama ya nchi kupeleka Arusha swali la tafsiri ya Mkataba kabla ya kutoa hukumu. Mahakama Kuu ya Uganda ilifanya hivyo katika shauri la Kyahurwenda, lililojibiwa Julai 2015. Hapo miezi miwili haimfungi mdaawa, ila uamuzi wa kupeleka swali ni wa jaji.