Moshi wa Maziwa na Moshi wa Ubani: Kujifukiza Kati ya Mbarara na Nakivale

Kujifukiza ni kuipa nguo na ngozi harufu kwa moshi. Katika nchi ya kusini magharibi mwa Uganda inayoanzia Mbarara, ikapita Kaberebere na kuteremka hadi ziwa Nakivale, desturi hiyo imeingia kwa milango miwili. Mlango wa zamani ni wa wafugaji, ambao moshi wao hutoka kwenye nyasi na vijiti vya porini. Wa pili ulifunguliwa na wakimbizi wa Pembe ya Afrika, ambao moshi wao hutoka kwenye utomvu wa miti.

Kwa Wahima, wafugaji wa Ankole, kilichofukizwa kwanza ni chombo, mwili ukafuata. Ebyanzi, vile vyombo virefu vya mti vya kukamulia na kuhifadhia maziwa, huoshwa, hukaushwa, kisha hujazwa moshi wa nyasi kabla ya kutiwa maziwa. Moshi huo hupunguza vijidudu na kuyachelewesha maziwa kuharibika, lakini mfugaji hausifu kwa sababu hiyo. Anausifu kwa ladha, na maziwa yasiyo na harufu ya moshi kwake huwa yamepwaya. Hata jina la Mbarara limetokana na nyasi, emburara, zilizokuwa zimetanda mahali mji uliposimama. John Roscoe, mmisionari aliyezunguka Ankole katika safari ya utafiti ya 1919 hadi 1920, aliandika kwa kirefu juu ya maziwa, siagi na miiko yake katika kitabu chake cha 1923. Msomaji wa kitabu hicho huona wazi kwamba katika nyumba ya Mhima urembo na ng'ombe havikuwa mambo mawili. Siagi iliyoliwa ndiyo iliyopakwa mwilini. Mwanamke, na hasa mwari aliyefungiwa ndani akinywa maziwa hadi anenepe, alijifunika nguo juu ya makaa yenye majani na vijiti vya kunukia, moshi ukampanda chini ya nguo mpaka ngozi yenye siagi ikaushika. Mafuta hushika harufu kuliko ngozi kavu, kwa hiyo siagi ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na losheni.

Wakimbizi wa kwanza wa Nakivale hawakukuta jambo geni. Walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda baada ya machafuko ya 1959, na eneo hilo likawa makazi rasmi ya wakimbizi mwaka 1960, miongoni mwa makazi makongwe kabisa barani Afrika. Nao walikuwa na vyombo vyao vya maziwa, ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa ibyansi, jina linalokaribiana mno na ebyanzi. Walikuwa pia na imibavu, manukato ya mimea ya kufukiza. Neno hilohilo ndilo lililotumika katika Biblia ya Kinyarwanda kwa uvumba wa hekaluni, na kwa njia hiyo moshi wa nyumbani ukapata jina kanisani. Mwaka 1982, Wanyarwanda wengi wa wilaya ya Mbarara walipofukuzwa katika makazi yao pamoja na baadhi ya Wahima, kambi ilipokea watu wengine wa desturi hiyohiyo. Baada ya 1994 wengi wao walirejea Rwanda, na mahali pao pakashikwa na wakimbizi wapya: Wanyarwanda waliokimbia baada ya mauaji ya kimbari, Wakongo wa mashariki, na baadaye Warundi.

Wasomali ndio walioleta utomvu. Hakuna ajabu, kwani kwao ndiko unakotoka. Milima ya kaskazini mwa Somalia huota miti ya ubani, ambayo magome yake hukwanguliwa ili itoe machozi meupe yanayogandia juani, pamoja na miti ya manemane. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, Periplus, unataja pwani hiyo kwa ubani wake. Lakini ubani mtupu sio unaovaliwa zaidi. Kinachovaliwa ni uunsi: sukari huyeyushwa, huchanganywa na ubani uliosagwa, jawi, vipande vya udi na mafuta ya manukato, kisha humwagwa kwenye sinia, hupoa na kuvunjwavunjwa vipande. Jawi asili yake ni visiwa vya Asia ya kusini mashariki, na jina lake ni la Java. Udi nao hutoka kwenye miti ya huko iliyoshambuliwa na kuvu. Kipande kimoja cha uunsi kina safari ndefu ndani yake kabla hakijafika Base Camp ya Nakivale, ambako Wasomali wamejenga mtaa wao.

Chombo chake ni dabqaad, chetezo kinachochongwa kwa jiwe jeupe laini la Ceelbuur, katikati ya Somalia. Asiye nacho hutumia kopo au sigiri. Makaa huachwa yavae majivu kwanza, kwa maana kaa jekundu huunguza utomvu na kuufanya unuke kama mpira. Joto likiwa la kiasi, huanza kutoka harufu nyepesi, ya limau na msonobari, kwa sababu mafuta mepesi ya ubani ndiyo hupaa mapema. Kisha sukari hugeuka hudhurungi, na moshi hunenepa. Hapo macho huwasha na koo hukauka, na mgeni hudhani ndiyo harufu yenyewe. Mzoefu hungoja. Husimama juu ya chetezo akiwa ametandaza gauni lake la dirac, hufukiza mtandio wa garbasaar na nywele zilizofunguliwa, kisha huondoka kwenye moshi na kuiacha nguo itulie. Kinachobaki nyuzini baada ya ukali kupungua ni kitamu, kizito, na kina uchungu kidogo wa mti uliochomwa. Ndicho kinachosikika mtu anapopita. Pamba hukitunza kuliko nailoni, na nywele kuliko pamba. Pwani ya Waswahili, ambako buhuri hufukizwa kwa namna hiyohiyo, wajuzi huvuta nguo puani kesho yake, si usiku uleule.

Pua moja moja husoma moshi huu kwa namna yake. Mkatoliki kutoka Kivu hukumbuka altare. Mwethiopia na Mweritrea huuhusisha na kahawa, kwa sababu kwao ubani huchomwa wakati buni zinakaangwa na vikombe vinapangwa. Kwa Msomali ni jioni ya nyumbani, harusi, au mgeni anayetarajiwa. Mhima mzee wa upande wa Kaberebere atautambua moshi, lakini atakosa maziwa ndani yake.

Siku hizi manukato ya mafuta ya Dubai, yaliyotiwa udi wa maabara, huuzwa katika vichupa vidogo na hayahitaji moto. Hupakwa shingoni na viganjani, mara nyingi juu ya nguo iliyokwisha kufukizwa. Harufu ya chupa hufifia mapema. Ile ya moshi hukaa hadi nguo ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, na hata hapo pindo huwa bado linanukia.