Deni Lililotangulia Mavuno



Kila bei za vitu zinapopanda, hunijia baada ya sala mtu mmoja au wawili wenye biashara ndogo. Huyu ana duka la rejareja, yule ana cherehani mbili barazani, mwengine ana mashua na nyavu, na shtaka lao ni moja: "Sheikh, tuombee, biashara inakufa." Dua tunaomba wala hatuachi. Lakini nikiwauliza, "Daftari lako liko wapi? Unamdai nani, unadaiwa na nani, na mwezi ujao utaleta bidhaa kwa fedha gani?" aghalabu sipati jibu. Basi leo nimeona nikuhadithie habari za wazee wetu wa Unguja na Pemba na mikarafuu yao, kwani shamba dogo la mikarafuu ni biashara kama duka lako, na yaliyolipata shamba hilo ndiyo yanayolipata duka.

Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala mpaka kufa kwake mwaka 1856, aliushikilia sana mti huu, na husimuliwa kwamba aliwaamrisha wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Watu wakapanda, wakubwa kwa wadogo, hata ilipofika miaka ya 1840 karafuu zilikuwa nyingi sokoni na bei ikaanguka. Na tuseme kweli, maana tarehe isiyosema kweli haina baraka: mikono iliyopanda na kuchuma katika yale mashamba makubwa ilikuwa mikono ya watumwa, na hesabu ya jambo hilo iko mbele ya Mwenyezi Mungu.

Sasa itazame tabia ya mti wenyewe, kwani humo ndimo lilimo funzo. Mkarafuu ukiupanda leo utangoja miaka sita, saba, pengine minane, kabla hujaona kitu. Ukishaanza kuzaa hauzai sawasawa. Mwaka mmoja hukupa mavuno makubwa mpaka ukakosa pa kuanika, kisha ukapumzika, na miaka inayofuata ukakupa haba. Tena karafuu ni tumba, yataka ichumwe kabla haijachanua. Ikichanua thamani yake imekwenda. Kwa hivyo mwenye shamba hawezi kusema, "Nitachuma mwezi ujao nikipata fedha." Wachumaji hulipwa kwa pishi, nao wana watoto nyumbani, hawangoji. Na wakati huo karafuu zingali mbichi, hazijachambuliwa makonyo, hazijakaa juani juu ya majamvi, wala haijapimwa hata frasila moja. Yaani fedha lazima itoke kwanza, ndipo iingie. Ambaye hakuiweka fedha hiyo katika mwaka wa neema, hana budi kwenda kuitafuta kwa mwenye nayo.

Na mwenye nayo alikuwa tajiri wa mjini. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, lakini nakuomba usiifanye habari hii kuwa ya kabila, kwani mwenye kukopesha kwa riba angalikuwa mtoto wa ami yako mambo yangalikuwa yale yale.

Hapa pana mlango wa fikihi ambao wengi hatuupiti ila darasani. Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mbele, kwa mwaka mmoja na miwili na mitatu. Hakuwakataza moja kwa moja, maana mkulima huhitaji fedha kabla ya mavuno, na dini yetu haikuja kumtia mtu dhiki. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salamu inayosomwa katika vitabu vya fikihi, na fedha hutolewa yote papo hapo. Lakini kuuza matunda ya miti fulani yakiwa bado juu, kabla hayajaonesha kuwa yamesalimika, hilo amelikataza. Angalia tofauti ilivyo ndogo kwa macho na ilivyo kubwa kwa maana. Katika salamu mkulima anajua anadaiwa frasila ngapi na lini, basi anaweza kupanga. Katika ile ya pili hakuna ajuaye kitu, si muuzaji si mnunuzi, wote wawili wanabahatisha.

Wazee wetu wengi hawakufuata huku wala huku, walishika njia ya tatu iliyoitwa bei khiyari. Mathalan mtu ana shida ya rupia 1,000. Anamuuzia tajiri shamba lake kwa rupia hizo, kwa sharti kwamba akizirudisha katika muda fulani shamba ni lake tena. Kisha siku ile ile analikodi shamba kutoka kwa tajiri, na kila mwaka analipa kodi. Ukiitazama kwenye karatasi ni bei na kodi, vitu viwili vya halali. Ukiitazama kwa jicho la aliyeelewa, kodi ile ni riba iliyovaa kanzu. Na ubaya wake kwa mwenye shamba ni kwamba kodi haijui mwaka wa neema na mwaka wa uhaba. Mkarafuu hupumzika, kodi haipumziki.

Ndipo yakaja majaribu. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Seyyid Barghash, ilipiga Unguja tufani ambayo wazee waliisimulia miaka mingi baadaye. Mikarafuu ya Unguja iliyo mingi iling'olewa. Pemba haikuguswa sana. Bei ikapanda, na aliyekuwa na miti Pemba akafurahi, na kisiwa hicho tangu siku hizo ndicho kikawa chenye karafuu nyingi kuliko Unguja. Lakini mtazame mwenye shamba wa Unguja. Miti imelala chini, na mche anaoupanda leo hauzai mpaka ipite miaka sita au zaidi. Katika miaka hiyo yote atakula nini, na kodi ataitoa wapi? Aliyekuwa na akiba, au minazi, au mpunga bondeni, alipanda upya akasubiri. Ambaye mali yake yote ilikuwa karafuu, na karafuu zenyewe zimekwishalipiwa deni, kupanda kwake upya kulikuwa kumpandia mwengine.

Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kwa sheria. Ikawa haki imerudi mahali pake, na kila pishi linataka ujira wake. Wenye mashamba waliozoea kazi bila ya malipo wakazidi kukopa. Badala ya kupunguza gharama za arusi, matanga na majumba ya fahari, wengi waliendelea na desturi zile zile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nasema hivi kwa huzuni wala si kwa kejeli, maana ni babu zetu na sisi tumerithi desturi hizo.

Kisha mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka, na katika miaka iliyofuata bei ya karafuu nayo ikaanguka. Ndipo ilipodhihiri kwamba mashamba mengi yalikuwa ya wenyewe kwa jina tu. Serikali ya wakati ule ikaingia kati. Mwaka 1934 zikatungwa sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe kwa watu wa jamii nyengine bila ya idhini, na madai ya madeni yakasimamishwa kwa muda. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927, kikapewa nguvu ya sheria, na mwaka 1937 kikapewa mamlaka juu ya ununuzi wenyewe. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu, na India ikawaunga mkono, biashara ikakwama, mpaka yakapatikana maafikiano mwaka 1938.

Sitaki kuingia katika siasa za jambo lile. Ninalotaka ulione ni kuwa msaada ulikuja deni likiwa limekwisha kukomaa. Sheria yaweza kumzuia mwenye kudai asiingie shambani, lakini haiwezi kumrejeshea mtu mavuno aliyokwisha kuyala kabla hayajachumwa. Wala sisemi kwamba kosa lote ni la wenye mashamba. Bei ilipangwa mbali nao, na riba iliwakaba. Lakini mwaka wa neema waliuona kwa macho yao, si mara moja wala mara mbili, na Surat Yusuf waliisoma. Nabii Yusuf (A.S.) hakungoja njaa ifike ndipo afanye mipango. Aliifanya katika ile miaka saba ya shibe, na akaagiza nafaka ibakishwe katika masuke yake isipokuwa ile kidogo ya kula.

Labda utasema, "Sheikh, hayo ni ya wafalme na wenye mashamba, mimi nina kiduka tu." Basi nikupe habari ya mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa na kiduka na mikarafuu michache Pemba. Hakusoma zaidi ya chuoni. Aliandika daftari lake kwa herufi za Kiarabu, na akiambiwa kwamba ni uchoyo kumwandikia jirani deni la kibaba cha sukari, hujibu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoamrisha deni liandikwe. Mkewe akichukua mchele dukani, aliuandika. Akichukua yeye mwenyewe mafuta ya taa, alijiandikia. Sisi watoto tulimcheka, "Mjomba anajidai mwenyewe!" Lakini kwa njia hiyo alijua kila mwisho wa mwezi duka limeingiza nini na nyumba imekula nini, na wengi wetu hatujui hilo hata leo.

Mwaka wa karafuu nyingi, kabla ya kununua hata shuka, alitoa kwanza zaka, kisha fedha ya wachumaji wa mwaka utakaofuata, akaifunga mbali. Katika miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipofikia kujitosheleza kwa karafuu zake, bei ikashuka vibaya, na vitu navyo vilikuwa adimu. Maduka mawili ya jirani yalifungwa. Lake halikufungwa, ingawa lilipungua. Aliacha kuleta vitu vya anasa, akabaki na mchele, unga, chumvi, sabuni na kibiriti. Alitenga fungu maalumu la kukopesha watu, likimalizika husema limemalizika mpaka wengine warejeshe. Wako waliomnunia kwa hilo. Nakumbuka jirani mmoja hakumsalimia mwezi mzima, mpaka mtoto wake alipougua na mjomba akampelekea fedha nyumbani usiku, hizo hazikuandikwa.

Na jambo moja nikuondolee, maana huulizwa mara kwa mara. Kuweka akiba ya bidhaa ili duka lisikatike si kuhodhi. Kuhodhi ni kukificha chakula watu wakiwa na haja nacho ili kipande bei, na hilo ni haramu. Mjomba alikuwa na magunia ya mchele, na kila aliyekuja na fedha aliuziwa kwa bei ile ile aliyoianza mwezi.

Alipofariki tulilifungua daftari kabla ya kugawa urithi. Waliokuwa wakidaiwa walikuwa watu kumi na mmoja, na katika hao watano walikuwa na alama aliyoiweka yeye mwenyewe, kwamba amewasamehe. Aliyokuwa akidaiwa yeye yalikuwa mambo mawili: ujira wa mchumaji mmoja aliyesafiri kabla ya kulipwa, na bati moja la samli. Samli tuliilipa siku ile ile. Mchumaji tulimtafuta muda wa miezi minne, tukampata Tanga.