Njia ya Kibo ilianzia Unguja

Oktoba 6 ni kumbukumbu ya siku Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walipofika kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, mwaka 1889. Safari hiyo ilianzia Unguja. Enzi hizo wasafiri wengi wa Kizungu waliokwenda bara walipita Mji Mkongwe kutafuta wapagazi, merikani, shanga na masango.

Mmisionari Rebmann aliiona theluji ya mlima huo mwaka 1848, mvumbuzi von der Decken akapanda nusunusu mwaka 1862, na Meyer mwenyewe alikwama kwenye ukuta wa barafu mwaka 1887. Lakini swali gumu lilikuwa njia ya kutoka pwani.

Mwaka 1888 Meyer, akiwa na Oscar Baumann, alichagua Pangani na Usambara. Chaguo hilo lilimponza. Pwani iliwaka moto dhidi ya Kampuni ya Wajerumani, wapagazi wengi wakatoroka, na wazungu hao wawili wakaangukia mikononi mwa watu wa Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo. Walitiwa minyororo. Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyejulikana Bagamoyo na Unguja, aliingia kati, na Bushiri akawaachia kwa rupia 10,000. Kwa upande wa Bushiri, hao walikuwa watu wa taifa lililoivamia nchi yake. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Pangani.

Katika safari ya 1889 Meyer aliikwepa Pangani. Alivuka kutoka Unguja hadi Mombasa, iliyokuwa chini ya Waingereza, akapita nyika kavu ya Taru na Taveta hadi Marangu kwa Mangi Marealle. Mlimani aliweka kambi kati ya Kibo na Mawenzi, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu. Mwini Amani wa Pangani alibaki na Meyer na Purtscheller kule juu kwenye baridi. Oktoba 3 wapandaji hao wawili walichonga ngazi kwa shoka kwenye barafu ya Ratzel, wakafika ukingoni mwa kreta tu. Siku tatu baadaye wakamaliza.

Kilele hicho sasa kinaitwa Uhuru. Barafu ya Ratzel imeyeyuka sana.

Vitabu vya shule huwakumbuka Meyer na Purtscheller, wapagazi wakiachwa. Waandishi wa mitaala wana deni: jina la Mwini Amani liandikwe ukurasa huohuo.