Maharagwe Machanga ya Sikukuu mjini Lubumbashi

Reli iliyotoka kusini kwa njia ya Sakania ilipofika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mji huo ulioasisiwa kwa ajili ya shaba haukuwa na uwezo wa kujilisha. Na kwa hiyo chakula chake kingi kilipakiwa katika mabehewa kutoka Rhodesia na Afrika Kusini. Wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, walipimiwa posho ya unga wa mahindi na maharagwe makavu. Ilhali katika nyumba za Wabelgiji mmea ule ule wa maharagwe ulichumwa ungali mchanga, ukaliwa pamoja na maganda yake, pembeni mwa nyama. Mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi uligawanya hata umri wa mboga.

Miongoni mwa watu walioruhusiwa kuvuka mpaka huo kila alfajiri walikuwa wapishi na maboi, yaani watumishi wa nyumbani, waliotoka Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo, kwenda kuwasha majiko ya mabwana zao. Huko walijifunza kukata ncha za maganda, kuyachemsha katika maji yenye chumvi, kuyachuja na kuyakaanga kwa siagi. Au kuyachanganya na viazi, nyama ya nguruwe na siki, kama ilivyo ada ya watu wa Liège. Najua kwamba wako wanaowapa fadhila ya kueneza mapishi haya walimu wa vituo vya jamii, waliowafundisha wake za wafanyakazi kushona na kupika. Lakini kwa rai yangu fadhila kubwa ni ya wale wanaume wa jikoni, ambao ilimu yao iliingia Kamalondo bila daftari wala cheti. Watu hao hawakuwa wajinga wa thamani yao: mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa, kwa mkono wa André Yav, historia ya mji wao kwa Kiswahili cha hapo hapo, na hiyo ni hazina ambayo kila mwenyeji wa Lubumbashi yampasa kuijua.

Mji ukabadilishwa jina mwaka 1966, ukaitwa Lubumbashi, na mwaka uliofuata mali ya Union Minière ikawa ya serikali, kisha ikaitwa Gécamines. Posho iliendelea miaka mingi, mpaka kampuni ilipodhoofika katika miaka ya 1990, kina mama wakashika majembe katika nyua na kandokando ya vijito.

Huko maharagwe yaliyopandwa kwa mvua za mwanzo wa Novemba huanza kutoa maganda laini karibu na Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kuheshimiwa kwake mezani. Sababu nyingine ni makala, yaani makaa, kwani aghalabu nyumba ina mbabula, yaani jiko la makaa, moja tu, na kuku wa sikukuu huikalia muda mrefu. Kuku akiisha kuteremshwa, maganda hutokoswa dakika chache tu, yakabaki na ukijani wake, yakamwagwa maji. Kisha vitunguu hukaangwa kwa mafuta mpaka vilainike, nyanya moja ikapondewa humo, na maganda yakarudishwa kugeuzwageuzwa mara mbili tatu. Siagi ya Wabelgiji imetoweka, nyanya imeshika mahali pake, nami naona chakula kimezidi uzuri. Hapo mbabula huwa wazi kwa sufuria ya bukari, yaani ugali.