Kingamwili-nafsi

Tangu UKIMWI upewe jina lake, neno kinga limezoeleka kwetu likiandamana na upungufu. Mkazi wa Choma, wilayani Igunga, akielezwa kuwa kinga yake ndiyo iliyomkakamaza ngozi ya vidole, ni haki yake kuuliza atapata wapi dawa ya kuiongeza. Kumbe haijapungua. Imekosea adui.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembechembe nyeupe za damu ili kunasa vimelea. Zipo zinazonasa sehemu za mwili uleule uliozizaa, na hizo ndizo ninazopendekeza ziitwe kingamwili-nafsi. “Kingamwili binafsi” ingepotosha, kwa kuwa binafsi, kama katika hospitali binafsi, huelekeza fikra kwenye umiliki.

Skleroderma, ugonjwa wa huyo aliyekakamaa vidole, hujaza makovu kwenye ngozi, mapafu, utumbo na wakati mwingine figo. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wana kingamwili-nafsi zinazolenga vitu vya ndani ya kiini cha seli. Kuwa nazo tu si ugonjwa, maana hata mwenye afya njema huweza kukutwa nazo. Thamani iko kwenye aina, na kwa kawaida mgonjwa huwa na moja mahususi isiyobadilika.

Inayolenga sentromea, sehemu ya kromosomu, huendana na ugonjwa wa polepole, ingawa miaka mingi baadaye presha ya mishipa ya mapafu inaweza kupanda. Ile inayoandikwa Scl-70 humwonya daktari achunguze mapafu mapema. Aulize na kazi ya mgonjwa: mwaka 1957 L. D. Erasmus alieleza skleroderma miongoni mwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini, na leo vumbi la silika linajulikana kuwa kichochezi. Nzega, jirani ya Igunga, ina wachimbaji wadogo wanaoponda mawe ya dhahabu.

Inayonihangaisha zaidi ni inayolenga kimeng'enya cha RNA polimerasi ya tatu. Mwenye nayo ngozi hukakamaa upesi, na yuko hatarini kupata dharura ya figo: presha hupanda ghafla na figo huweza kushindwa kazi kwa muda mfupi. Kabla dawa za jamii ya kaptopril hazijaja karibu na mwaka 1980, wengi walikufa. Kutambua kingamwili hizi kunahitaji maabara kubwa, lakini presha hupimwa hata zahanati. Anayekakamaa ngozi kwa kasi apimwe presha mara kwa mara hata kabla majibu hayajarudi, na asipewe ovyo prednisoloni ya dozi kubwa, kwani huongeza hatari hiyohiyo ya figo.