Ndege Mbili za Wenger

Machi 18, 2017, Arsenal walikuwa wakinyolewa 3-1 ugenini kwa West Bromwich Albion, ndege ndogo ikapita juu ya uwanja ikivuta bango: Wenger asipewe mkataba mwingine. Mechi hiyo hiyo ikapita ndege ya pili na bango lake: kwa Arsène tunaamini. Yaani mashabiki wa timu moja wamekodi ndege mbili zibishane hewani. Nairobi hatukuhitaji ndege. Ubishi ulikuwa kwenye matatu, kwa kinyozi, na kwenye vile vibanda vya mpira ambapo unalipa mlangoni ndiyo ukaumizwe roho ndani.

Siku hizi kisa hiki husimuliwa kama vita vya kambi mbili, wa aende na wa abaki. Kambi zilikuwapo, sikatai. Lakini mashabiki wengi niliowajua walikuwa ndege zote mbili. Dakika ya 20, mzee aende leo usiku. Dakika ya 85 Giroud anatia kichwa, mzee ni profesa bana, mwacheni afanye kazi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wenger aliwasili mwaka 1996 akitoka Nagoya Grampus ya Japani, na gazeti moja la London likauliza Arsène ni nani. Jibu lilikuja haraka: ubingwa wa ligi 1998, 2002 na 2004, na ule wa mwisho bila kupoteza mechi hata moja kati ya 38. Kwetu hesabu ilikuwa pana zaidi. Kikosi kile kilikuwa na Kanu, Lauren na Kolo Touré. Mtoto wa Kiafrika aliyewasha runinga Jumamosi aliona watu wanaofanana naye wakitesa Uingereza nzima, na timu ya kushabikia ikawa imepatikana. Ndiyo maana baadaye ilikuwa vigumu kumwambia huyu mtu afunge virago. Kwa wengi wetu hakuwa kocha wa Arsenal tu. Ndiye aliyetuleta Arsenal.

Halafu likaja deni. Mwaka 2006 klabu ilihama Highbury, uwanja wa watu kama 38,000, ikaingia Emirates wa watu 60,000 uliogharimu takriban pauni milioni 390. Wenger mwenyewe alisema baadaye kwamba benki zilizokopesha zilitaka ajifunge kwa miaka mitano, ziwe na uhakika timu haitaporomoka. Kwa hivyo akawa kocha na mdhamini wa mkopo kwa wakati mmoja. Henry akauzwa Barcelona 2007. Adebayor na Touré wakaenda Manchester City 2009. Fàbregas na Nasri wakaondoka Agosti 2011, na mwezi huo huo, tarehe 28, Manchester United wakatufunga 8-2. Klabu ikajitolea kuwalipia mashabiki waliosafiri tiketi ya mechi nyingine ya ugenini. Sisi wa huku tuliobaki tukichekwa hadi Krismasi hatukurudishiwa hata ya soda. Mwaka uliofuata Van Persie akauzwa kwa hao hao United, akawapa ubingwa.

Katikati ya yote hayo timu ilifuzu Klabu Bingwa Ulaya misimu 19 mfululizo. Wenzetu walicheka kwamba nafasi ya nne ndiyo kombe letu. Ukiangalia lile deni, pengine ilikuwa kazi kubwa kuliko kombe. Waliopiga kelele za aende mwaka 2012, naona walimwonea.

Ila deni halikubani milele. Mwaka 2013 Özil akanunuliwa kwa pauni milioni 42.5, na Mei 2014 Arsenal wakatoka nyuma mabao mawili wakawapiga Hull City 3-2 fainali ya Kombe la FA, taji la kwanza tangu 2005. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, umepambwa maua. Nafikiri angepita hapo. Alibaki, na kisingizio cha umaskini kikaanza kuisha nguvu.

Aprili 30, 2016, nyumbani dhidi ya Norwich, dakika ya 12 baadhi ya mashabiki waliinua karatasi za kudai mabadiliko: miaka 12 bila ubingwa. Wengine uwanjani humo humo wakajibu kwa kuimba jina lake. Mwaka mmoja baadaye Bayern Munich wakatutoa Ulaya kwa jumla ya 10-2, na Tottenham wakamaliza juu yetu kwa mara ya kwanza tangu 1995. Katikati ya Tottenham hiyo alikuwa Victor Wanyama, nahodha wa Harambee Stars. Jaribu kumchukia huyo ukiwa Mkenya. Halafu Mei 27 tukawapiga Chelsea 2-1 Wembley, Kombe la FA likaja, na siku chache baadaye mzee akapewa miaka miwili zaidi.

Mwaka huo Kenya ilipiga kura ya urais mara mbili, kwa hivyo maneno kama muhula na muda wa kwenda nyumbani hayakuwa ya mpira pekee. Novemba, umati wa Harare ulipoandamana kumtaka Mugabe aondoke baada ya miaka 37, mtu mmoja alibeba bango la kumtaka Wenger aondoke. Mugabe alijiuzulu Novemba 21. Wenger alikuwa bado kazini.

Kilichomwondoa hatimaye hakikuwa kelele. Mapema 2018 viti vya Emirates vilianza kubaki vitupu, tiketi zikiwa zimelipiwa lakini wenyewe wako nyumbani. Aprili 20 akatangaza anaondoka, na siku chache baadaye akasema mgawanyiko wa mashabiki na sura uliyoipa klabu vilimuumiza. Mei 6 viti vilijaa tena, kila kimoja na fulana nyekundu ya kumshukuru kwa Kifaransa. Burnley wakala tano bila. Akashika maikrofoni, akawaambia atawamiss.

Unai Emery aliyemrithi alifutwa Novemba 2019, baada ya miezi 18. Sijasikia ndege yoyote iliyokodiwa kumtetea.