Upasuaji wa kasoro za moyo kwa watoto wachanga

Upasuaji wa kasoro za moyo kwa watoto wachanga ni matibabu ya kurekebisha moyo, au mishipa mikuu ya damu, ambayo haikuumbika vizuri mtoto akiwa tumboni. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Baadhi ya matundu madogo hujifunga yenyewe, lakini kasoro nyingine huhitaji upasuaji mapema sana.

Kwa nini muda ni muhimu

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Sehemu kubwa ya damu hukwepa mapafu kwa kupitia mshipa mfupi uitwao duktusi ateriosusi, ambao kwa kawaida hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Iwapo aota na ateri ya mapafu zimebadilishana nafasi, kujifunga huko kunaweza kusababisha kifo, kwa kuwa damu yenye oksijeni haifiki mwilini ya kutosha.

Mtoto huyo hupewa prostaglandini, dawa inayozuia mshipa huo usifunge. Kisha, kwa kawaida katika wiki za kwanza, ateri hizo mbili hukatwa na kuunganishwa mahali panapostahili, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Adib Jatene wa Brazili alifanikisha upasuaji huo kwa mara ya kwanza mwaka 1975.

Dalili

Dalili ni pamoja na kupumua haraka, kutokwa jasho na kuchoka wakati wa kunyonya, na kutoongezeka uzito. Rangi ya bluu huonekana vizuri zaidi kwenye ulimi na ufizi, hasa kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi.

Nchini Tanzania

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2008. Tangu mwaka 2015 huduma hiyo hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Watoto wengine wametibiwa India na Israeli.

Kutoka Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Kwa hiyo mtoto wa huko hutegemea kwanza dalili zitambuliwe mapema katika zahanati, ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Mount Meru, KCMC mjini Moshi, au moja kwa moja kwenye taasisi hiyo.